Kodi ya nyumba na kodi ya serikali

Mwaka 2021 nilihamisha cherehani zangu mbili kutoka barazani kwa shangazi, nikakodi fremu karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Kilichonitoa barazani ni sare za shule. Mwalimu mkuu mmoja alizipenda kazi zangu, akataka kunipa oda ya mashati, lakini mhasibu wake hakuweza kumlipa fundi asiye na TIN, yaani namba ya mlipakodi, wala leseni.

Jina la biashara halikunisumbua. Nililiombea BRELA, wakala wa kusajili biashara, mtandaoni kwa namba yangu ya NIDA, nikalipia shilingi 20,000, likatoka. TIN ni bure. Nikaamini iliyobaki ni leseni ya manispaa tu.

Dada aliyenihudumia TRA, mamlaka ya mapato, aliusoma mkataba wangu wa pango taratibu, akaniuliza kama nimelipa kodi.

"Nimelipa, ya mwaka mzima."

"Hiyo ni kodi ya nyumba, dada yangu. Nakuuliza kodi ya serikali."

Akanieleza. Mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya pango aipeleke TRA, mwenye nyumba apewe inayobaki. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Mkataba wenyewe nao una ushuru wa stempu, asilimia 1. Pango langu lilikuwa 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka: zuio 96,000, stempu 9,600. Mkobani nilikuwa na 70,000, tena za kununulia vitambaa.

Alinisaidia pia kwenye makadirio ya kodi yangu ya mapato, namshukuru hadi leo. Kwa mauzo ya milioni 6 kwa mwaka, asiyeweka kumbukumbu za mauzo alilipa 100,000. Anayeziweka alilipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Nilipotoka pale nilipitia dukani nikanunua daftari.

Jioni nikaenda kwa mwenye fremu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikampa karatasi yenye hesabu. Aliitazama, akanirudishia.

"Tuliandikiana elfu themanini. Hayo mengine ni ya mwenye biashara."

"Mzee, hii kodi ni yako. Mimi nimeagizwa kuikata tu."

"Fremu ile ina watu watatu wanaoisubiri."

Hakupandisha sauti. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao hata sasa sijaumaliza. Sheria inamtuma mpangaji amkate mwenye nyumba, lakini funguo anazo nani? Mwenye nyumba anaandikishwa, majengo yake yanajulikana. Kwa nini asidaiwe yeye mwenyewe? Nilikuwa nimeshamlipa fedha yake yote, na mashati yalikuwa yananingoja. Nikakopa kwenye kikoba chetu, nikalipa zuio na stempu, nikapata leseni. Risiti ya zuio nilimpelekea. Aliikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni.

Mashati niliyashona, na mhasibu alinilipa bila swali.

Mwaka uliofuata mzee alikuja mwenyewe fremuni na mkataba mpya. Pango lilikuwa 89,000.

"Kata hiyo kumi yao," alisema, "mimi nibaki na themanini yangu."

Nikapiga hesabu kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa: 89,000 toa 8,900, inabaki 80,100. Kumbe risiti ile aliisoma. Nikatia saini, maana oda ya sare za Januari ilishakuwa mezani.