Babu wa mtaa wa dawa

Wiki nzima nabishana na mzee ambaye hayupo. Naosha mchele, namjibu. Nasubiri treni pale Banwoldang, namjibu. Profesa kaipitisha sura ya tatu, wifi kajifungua mapacha huko Muheza na wote wazima alhamdulillahi, na mimi akili yangu yote imebaki kwenye duka la mitishamba.

Ilikuwa Machi mosi, sikukuu ya Wakorea ya kukumbuka maandamano ya 1919 ya kudai uhuru kwa Mjapani. Chuo kimefungwa, bweni kimya, nikasema leo natembea ile njia ya kale ya hapa Daegu, Korea Kusini, ambayo yule jirani yangu wa Mongolia haachi kunihubiria. Nikaanzia juu, kilima cha Cheongna, kwenye nyumba za matofali mekundu walizoziacha wamisionari wa Kimarekani. Mmoja wao, Daktari Johnson, ndiye aliyeleta miche ya matofaa kutoka kwao mwaka 1899, na mji huu ukaja kujulikana kwa matofaa Korea nzima. Mti wa uzao ule bado wanao pale kilimani. Mwezi huu hauna hata jani, lakini watu wanapanga foleni kupiga nao picha.

Kisha zile ngazi 90. Mwaka 1919 hapa palikuwa na msitu wa misonobari, na wanafunzi walipenyea humo kuwakwepa polisi wa Kijapani ili wafike soko la Seomun. Daegu wenyewe waliandamana tarehe 8, wiki moja baada ya Seoul. Siku hizi ukutani kuna picha za zamani, na watoto wanashuka wakizihesabu ngazi kwa sauti mpaka mama zao wanachoka. Ukimaliza kushuka unatazamana na minara miwili ya Kanisa la Gyesan, la mwaka 1902. Nyuma ya kanisa, maghorofa marefu yameziba jua, ila chini yake zimeachwa nyumba mbili za kale za vigae: ya mshairi Yi Sang-hwa na ya Seo Sang-don.

Huyu Seo nilimpenda. Mwaka 1907 Korea ilikuwa inadaiwa na Japani won milioni 13. Yeye na wenzake wakaja na hoja: tuache sigara miezi mitatu, pesa ya tumbaku tuichange, tulipe deni letu. Wanawake wakavua hata pete. Deni halikulipika, Mjapani alihakikisha hilo, lakini nyaraka za michango ile UNESCO imeziingiza kwenye kumbukumbu za dunia tangu 2017. Baba Rehema, kama unasoma hapa: miezi mitatu tu.

Basi, ndipo nikaingia Yangnyeongsi, mtaa wa dawa. Soko hilo lilianza mwaka 1658 na bado wanauza. Kinachokupokea ni harufu: tangawizi, mdalasini, na mizizi inayochemshwa mahali usipopaona. Pembe za kulungu ziko dirishani, magome yamefungwa matita kwa kamba, na ukutani kabati la droo ndogondogo mpaka darini, kila droo na jina lake. Nilitaka vitu viwili tu vya hiki kikohozi changu mnachokijua. Babu mwenye duka, mtu wa miaka themanini hivi, akapima, akafunga kwenye karatasi. Nikamkabidhi pesa kwa mikono miwili, kama adabu yao inavyotaka. Akaudaka mmoja.

"Mikono ya baridi hii."

"Nje kuna baridi, babu."

"Sizungumzii ya nje. Mwanafunzi, nani anakupikia?"

"Najipikia mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Akachota konzi ya kunazi kavu, akaitumbukiza mfukoni mwangu bila kuipima, akageukia redio yake. Kwake yamekwisha.

Ndiyo maana nini? Nimekonda? Mbona hapo nyuma nimewaandikia kuwa suruali zote zinanibana. Ndiyo maana sina mtu? Mtu ninaye, yuko Tanga, ana na leseni ya gari la abiria. Au alinusa kwenye koti langu zile dagaa za juzi akahukumu upishi wangu? Nilipita Jin-golmok, uchochoro waliokuwa wakiishi matajiri wa mji, sikuuona. Ile chai yao ya mitishamba, ssanghwa, yenye kiini cha yai juu, niliyoipania tangu nyumbani, nikaiacha. Usiku nikawa natunga majibu. La kwanza: "Babu, na wewe nani anakupikia?" Halafu nikakumbuka upande wa redio palikuwa na kopo la tambi za maji moto, limeliwa nusu, na kijiti bado kimo. Jibu lingemkata kweli. Nikalifuta, nikatunga lingine. Hilo nalo la kijinga.

Juzi nikamsimulia Baba Rehema kwenye simu, kwa uchungu kabisa, mpaka na sauti ya yule mzee nikaigiza. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe mwenzangu amelala chini kwa kicheko.

"Mama Rehema," ananiambia, "unajua mama alikuja jana?"

Nikajua. Wasomaji wa zamani mnajua pia. Mama mkwe, tangu siku ninapanda ndege, ana swali moja: na huyu mwanangu nani anampikia? Jana kamkuta mwanawe anasonga ugali wa vibonge, Rehema kashika sufuria kwa kanga, mtoto wa miaka saba. Akauliza tena. Mwanawe akajibu, "Najipikia mwenyewe, mama." Na mama mkwe, Wallahi, akasema neno lile lile la babu wa Daegu!

Hapo nami nikacheka mpaka jirani wa Mongolia akagonga ukuta. Watu wawili wasiojuana, bahari na bahari kati yao, wameshika familia moja pande zote mbili. Wakutanishwe wale. Wauze dawa pamoja.

Kunazi zenyewe nimezichemsha na mdalasini. Ni ndugu wa zile tulizokuwa tukiokota utotoni, ila hizi kubwa, nyekundu, ngozi imejikunja, na zikichemka zinavimba na maji yanakuwa mazito na matamu bila sukari. Kikohozi bado kipo. Kikombe nimemaliza, nimeongeza cha pili, na Jumamosi nitarudi kununua nyingine nikiwa nimevaa glovu, aone.

Lakini jamani, fundi wa bati. Pesa ya mabati ya nyumba ya bibi nilimtumia yote, masika ndiyo hayo yanaingia, na tangu Jumatano hapokei simu. Mdogo wangu kaenda kwake kamkuta mkewe, anasema yuko Pangani kwenye kazi nyingine. Kazi gani, na mabati ya nani?