Buriani Mwalimu wetu

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Lamu tumempoteza mwalimu aliyetufundisha hesabu shule ya msingi. Alipostaafu hakukaa tu; wanafunzi wake wapya wakawa vijana wa punda.

Kwa msioijua Lamu, vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba, gari halipiti, hivyo mchanga, saruji na mawe ya kujengea hubebwa na punda. Mwalimu akikutana na kijana anayemswaga punda mwenye kidonda, hakumgombeza. Alimsalimia, akawaulizia wazazi wake, ndipo akainua shogi taratibu na kumwonyesha pale kamba ya nailoni ilipokula ngozi. "Mwanangu, huyu ndiye anayekulisha." Kisha wakaongozana hadi kwenye kliniki ya punda, ile iliyopo tangu 1987, ambako matibabu ni bure. Nimemwona kwa macho yangu akimtuliza punda huku kidonda kikisafishwa, anamsemesha kwa sauti ileile aliyotumia kwetu tulipokwama kwenye kugawanya.

Na paka je! Jioni walijaa barazani kwake wakingoja vichwa vya samaki. Aliyechechemea alilishwa kando, asidhulumiwe na wenzake.

Hakuwahi kutupiga, na miaka ile fimbo darasani ilikuwa jambo la kawaida. Naamini upole wake kwetu na kwa wanyama ulitoka mahali pamoja.

Wajukuu zake wataendelea kuwalisha wale paka. Mlioko soko la samaki, tafadhali wawekeeni vichwa. Mola amrehemu Mwalimu wetu, amlaze pema.