Mshahara wa kwanza Uingereza na ile 0T M1

Hii naiandika kwa ajili ya wenzangu mnaoanza kazi huku Uingereza kwa viza ya kazi, hasa nyie wa kea, yani kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, maana mimi hakuna aliyeniambia na iliniuma sana.

Nilianza mwezi wa kumi kwenye nyumba moja ya wazee. Mshahara wa mkataba kwa mwezi ni pauni 2,200, na mimi nilishapiga hesabu zote kabla hata sijapanda ndege, chumba kiasi hiki, nauli kiasi hiki, inayobaki inaenda nyumbani maana tiketi yangu mama aliikopea vikoba na wale kina mama wa vikoba hawana cha kusubiri. Hela ikaingia 1,668. Nilikaa kitandani nikaangalia simu mara tatu nne hivi. Kufungua salari slipu naona PAYE 440, National Insurance (makato ya hifadhi ya jamii ya huku) 92 na ushee. PAYE sio jina geni, hata TRA wanaikata, nikajua ndo hivyo, kodi za Ulaya kubwa, tulishaambiwa. Mwezi wa 11 ikaja vilevile.

Dada mmoja wa Mombasa tunayepiga naye zamu za usiku ndo akaniambia hebu nionyeshe hiyo slipu. Hata hela hakuziangalia. Akaweka kidole pale kwenye kona palipoandikwa 0T M1, huo ndo msimbo wangu wa kodi, akasema, "Wee, mbona wakatwa kama mtu hana msamaha hata wa senti moja?"

Sasa sikilizeni. Kwetu Tanzania shilingi 270,000 za kwanza za kila mwezi hazikatwi PAYE, mwezi ukiisha umeisha. Huku msamaha ni wa mwaka mzima, pauni 12,570, na mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili unaishia tarehe 5 Aprili. Msimbo wa kodi wa watu wengi ni 1257L, yani ile 12,570 wametoa sifuri ya mwisho. Na kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba ukianza kazi Oktoba ukawa mkazi wa huku hawakupunguzii msamaha eti kwa sababu umechelewa kufika, unapewa wote, kwahiyo ile miezi ya tangu Aprili ambayo wewe ulikuwa bado uko Mbagala msamaha wake umejikusanya unakusubiri. Mimi Oktoba mpaka Machi ni miezi 6 mara 2,200, jumla 13,200. Toa 12,570 inabaki 630, asilimia 20 yake ni pauni 126. Hiyo ndo kodi ya kipindi chote hicho! Kwa 0T M1 ningelipa 2,640.

Ilitokeaje? Siku ya kwanza nilipewa rundo la fomu, kuna ile ya mfanyakazi mpya inayouliza kama una kazi nyingine au pensheni, nikairudisha tupu kwa sababu niliona inataja P45 na mimi sina, P45 ni karatasi ya mshahara na kodi unayopewa na mwajiri wa huku unayemuacha. Bila hizo taarifa mwajiri anatakiwa akuweke 0T. Na hiyo M1 maana yake kila mwezi unahesabiwa peke yake, haangalii nyuma. Jazeni hiyo fomu jamani, hata kama hamna P45.

Nilivyopata namba ya National Insurance nikafungua akaunti yangu mtandaoni ya HMRC, yani TRA ya huku, nikawapigia nikawaeleza hii ndo kazi yangu pekee. Msimbo ukabadilishwa, na mshahara wa Desemba ukaja bila kodi kabisa na ile 880 niliyokuwa nimeshakatwa ikarudi humohumo, nikapokea 2,988. Nililia. Vikoba ikalipwa yote.

Ila National Insurance hairudi hivyo, yenyewe ni asilimia 8 ya kinachozidi pauni 1,048 kwa mwezi na kila malipo yanahesabiwa peke yake. Inakujengea pensheni ya serikali lakini chini ya miaka 10 hupati kitu, kwahiyo wa mkataba mfupi mjue hilo mapema. Kuna pensheni ya kazini pia, mara nyingi wewe asilimia 5 mwajiri asilimia 3, mimi ilianza Januari. Ukijitoa ndani ya mwezi mmoja unarudishiwa makato yako, wengi wanajitoa, mimi nimebaki maana ile 3 ya mwajiri ni hela yangu pia.

Ukiongeza kazi ya pili utaona msimbo wa BR, unakatwa asilimia 20 ya kila pauni, usipaniki, ni kwa sababu msamaha umeshatumika kule kwenye kazi ya kwanza. Makato mengine kama ya nyumba au ya mafunzo, uliza yameandikwa wapi, mwajiri haruhusiwi kukata kitu nje ya yale ya kisheria kama hakipo kwenye mkataba au hujakubali kwa maandishi.

Na wale wanaotuma meseji eti watakurudishia kodi wachukue asilimia zao, achana nao. Kuomba ni bure, na kama ulizidishiwa zamani unaweza kudai mpaka miaka 4 ya kodi nyuma. Zile P60, karatasi za jumla ya mshahara na kodi ya mwaka mnazopewa kila mwaka, msizitupe.