Kozi iliyonivusha bahari

Jumapili mtoto wa kaka yangu alinipigia kutoka Nyegezi, Mwanza. "Shikamoo shangazi. Nimepata chuo huko kwenu, na kozi zao nimezipenda zote." Nikamwitikia marahaba, nikamwomba anitumie hiyo orodha. Kozi zaidi ya arobaini za idara moja! Moyo ukanilipuka, maana orodha ya namna hiyo ndiyo iliyonileta Marekani.

Mimi nimekulia Kirumba, hukohuko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mama alikuwa akichuuza dagaa pale Mwaloni, na bibi hakuchoka kusimulia furu, vile visamaki vya kila rangi vilivyojaa ziwani kabla ya sangara. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Nilitaka kulisoma jambo hilo mpaka mwisho wake. Chuo kimoja cha Minnesota kilikuwa na kozi ya samaki wa maziwa makubwa, na maelezo yake yalilitaja Ziwa Victoria kwa jina. Kwa ajili ya kozi hiyo moja nikaviacha vyuo vingine viwili.

Miaka miwili ya mwanzo sikuruhusiwa kuichukua, kwa kuwa zilikuwapo kozi za kutangulia. Hilo nililielewa. Mwaka wa tatu sikuiona kwenye ratiba. Mshauri wa masomo akanionyesha mstari wa herufi ndogo ambao sikuwahi kuusoma: kozi hii hufundishwa mwaka mmoja na kuruka mwaka. Mwaka wa nne ikarudi, nikajisajili siku ileile usajili ulipofunguliwa. Tulikuwa watano. Wiki ya kwanza ya muhula wakaifuta kwa sababu ya uchache wetu.

Viza ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza inakudai krediti 12 (vipimo vya uzito wa kozi) kila muhula, nami nikabaki na 9. Nikahangaika siku tatu, nikaingia kwenye kozi ya historia ya muziki kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na nafasi. Nililia ndani ya basi, ndugu zangu. Ada ya mgeni nilikuwa nailipa ileile.

Nyumbani tumezoea kuingia na kundi letu, ratiba ikabandikwa, tukasoma wote. Mabadiliko tunayoyajua ni yale ya mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), unaotoka upya kila mwaka. Huku orodha ya kozi inaonyesha yale ambayo chuo kina kibali cha kuyafundisha. Kinachofundishwa kweli kimo kwenye ratiba ya muhula. Mwalimu akienda likizo ya utafiti au akistaafu, mara nyingi kozi yake inaondoka naye. Masharti ya kuhitimu kwa kawaida yanabaki yale ya mwaka ulioingia, lakini hayamlazimishi mtu kukufundishia kozi uliyoifuata.

Kinachoniuma mpaka leo ni hiki: mmoja wa wale watano, mwenyeji wa hapa, alimwendea mwalimu akaomba amsimamie peke yake katika mada ileile. Akajaza fomu, mkuu wa idara akasaini, akapata krediti zake. Mimi sikuomba. Nilivyolelewa, kumwendea mwalimu kumtaka akutengenezee njia yako peke yako ni utovu wa adabu. Huku wanakungoja uombe.

Basi nikamwambia mwanangu: fungua ratiba za miaka minne iliyopita, zipo wazi kwenye tovuti ya chuo. Kozi unazozitaka ziwekee alama kila zilipofundishwa. Halafu iandikie idara, uliza kila moja inafundishwa na nani, na zamu yake inarudi mwaka gani. Uliza pia wanaifuta wakipungua wangapi.

Jana usiku kanitumia karatasi kaipiga picha, kaichora mistari kwa rula. Kozi tisa. Sita zina jina la mwalimu na mwaka. Tatu bado tunasubiri wajibu, na ile ya samaki ni mojawapo.