Kumbukumbu ya mradi: kurumbiza wa bondeni ni wangapi?

Kurumbiza, ndege waimbaji tunaowavisha pete miguuni ili tukadirie idadi yao, sasa wenye pete wanatosha kuanza awamu ya pili: kuwatazama. Kunasa na kuvisha ni kazi ya mtaalamu mwenye kibali; mimi naandika daftari, na kuanzia sasa napita alfajiri na darubini, dume na jike wanapoimba kwa kupokezana, nisome miguu yao.

Kanuni ya kukadiria idadi yote kwa kuangalia ni wangapi kati ya wanaoonekana wana alama ni ya zamani. C. G. J. Petersen wa Denmark aliweka msingi wake kwa samaki mwaka 1896, na Frederick Lincoln akakadiria bata wa Amerika Kaskazini mwaka 1930 kwa pete zilizorudishwa na wawindaji. Tuseme umevisha ndege 40, baadaye ukaona 30, na 8 kati yao wana pete. Zidisha 40 kwa 30, gawanya kwa 8: ni 150. Namba zikiwa ndogo hivi napendelea marekebisho ya Chapman ya 1951: ongeza moja kwa kila namba, piga hesabu ileile, kisha toa moja. Unapata 140.

Ugumu uko kwenye masharti. Kurumbiza akishanaswa huwa mwoga wa wavu. Tukirudia kunasa, wenye pete watapungua wavuni na kadirio litapanda kupita ukweli. Ndiyo maana nilisisitiza pete za rangi, zinazosomeka kwa mbali bila kumgusa ndege tena. Lakini darubini nayo ina upendeleo: wanaoishi kando ya njia ndio walionaswa kwa urahisi, na ndio nitakaowaona kila siku. Wa vichakani ndani hawana pete wala hawaonekani, na hapo kadirio linashuka. Kwa hiyo nimepanga njia mpya inayopita katikati ya vichaka, na sitamhesabu ndege ambaye sijamwona miguu yote miwili. Inaniuma, maana wengi huimba wamejificha.

Tumaini langu liko kisiwani Cousin, Shelisheli. Mwaka 1968 aina moja ya ndege mdogo mla wadudu, ambaye wakati ule hakuwapo kwingine duniani, alikuwa amebaki chini ya 30. Siku hizi karibu wote waliopo Cousin wana pete za rangi, na watafiti wanawajua mmoja mmoja.

Kwetu awamu hii lazima iishe kabla makinda hayajatoka viotoni, la sivyo wasio na pete wataongezeka ghafla. Naanza na vichaka vya kando ya mto.