Debe moja kwa mtoto: tulivyopata chakula cha mchana shuleni kwetu

Ukuta wa ofisi yetu ya walimu una maneno manne ya rangi ya bluu: uaminifu, ushirikiano, uwajibikaji, upendo. Niliyakuta. Shule nyingi za msingi vijijini zina ukuta wa namna hiyo, na mgeni yeyote akija na gari hupigwa picha mbele yake. Nilipopangiwa kuwa mwalimu mkuu pale, kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, sikuwa na ugomvi na maneno hayo. Ugomvi wangu ulikuwa na saa sita mchana.

Asubuhi yetu haina tofauti na ya shule nyingine. Kengele ni rimu kuukuu ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini. Ikigongwa, watoto wanaingia na vidumu vya maji na mafagio ya chelewa, viranja wanagawa maeneo, mwalimu wa zamu anazunguka na daftari lake. Kisha mstarini: wimbo wa Taifa, kukagua kucha na sare, matangazo, halafu darasani. Mpaka mapumziko ya saa nne shule inachangamka. Saa sita watoto walikuwa wanaruhusiwa kwenda kula nyumbani, na hapo ndipo shule ilipokuwa inakatika vipande viwili. Mama yuko shambani, jikoni hakuna moto, sasa mtoto arudi shule kufanya nini? Wavulana wa darasa la tano na la sita ndio kabisa, akionekana tu uani anakabidhiwa ng'ombe. Waliorudi walilala juu ya madawati, na mwalimu wa hisabati aliyepangiwa kipindi cha mchana alijihesabu ameonewa.

Wenzangu kadhaa waliona dawa ni fimbo. Kanuni za adhabu zipo: viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na vinaandikwa kwenye kitabu. Walileta majina ya watoro, nikawarudishia kitabu bila saini. Mtoto ambaye hajala tangu jana jioni utamchapa ili iweje? Nilichowaomba ni wanisaidie kupata sufuria.

Sufuria kwa kweli haikuwa kazi. Kazi ilikuwa mahindi.

Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, wazazi wengi walilielewa neno moja tu: bure. Mwaka 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, na walimu tukaogopa hata kutamka neno mchango. Lakini fedha ya ruzuku inayokuja shuleni ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, baada ya ile 4,000 ya vitabu kubaki juu serikalini, na hiyo ni ya chaki, karatasi, mitihani na ukarabati mdogo. Chakula cha mtoto wa kutwa hakimo. Nyaraka za serikali zenyewe zinakiacha mikononi mwa mzazi, ila kijiji kikubaliane chenyewe, mwalimu asishike mchango, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Nilizisoma mara nyingi mpaka nikaona kwamba hazinifungi mikono. Zinaniambia tu nani aishike kazi.

Nilimwomba mwenyekiti wa kamati ya shule aliweke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Waliomtangulia walikuwa wanaliweka kila Januari, shule zinapofunguliwa, na kila Januari watu walikubali kwa sauti halafu debe halionekani. Safari hii mzee mmoja wa kitongoji cha juu aliinuka, akasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akaitikiwa, akasema: "Mwalimu, unakuja kutuomba mahindi Januari. Januari na mimi naomba." Watu wakacheka, lakini alikuwa amemaliza mjadala. Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na haina ahadi. Waingereza walikuja hapa hapa Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekwisha. Mavuno ni Mei na Juni. Julai watu wanapeleka magunia soko la Kibaigwa kwa bei ya kutupa, na Februari wale wale wanakwenda kununua kwa bei ya kuumiza. Kumdai mtu nafaka Januari ni kumdai kitu ambacho ameshakiuza.

Tukahamisha ukusanyaji uwe Juni, mahindi yakiwa bado uani. Nikiulizwa leo ni kitu gani kilifanya mpango ushike, nitataja hilo kabla ya jingine lolote. Hotuba zangu hazikuwa na mchango mkubwa.

Kiasi tulikipata darasani. Niliwapa darasa la sita hesabu ubaoni: mtoto mmoja anakula gramu 100 za mahindi makavu kwa siku, mwaka wa masomo una siku 194, anahitaji kilo ngapi? Jibu ni kilo 19.4. Mtoto mmoja akasema, kabla sijamaliza kupiga mstari, "Mwalimu, si debe hilo!" Kweli, debe la mahindi halipishani sana na hapo. Kunde tuliweka gramu 30, inakuja karibu kilo sita kwa mwaka. Kwa hiyo kijiji hakikuambiwa "changieni chakula". Kiliambiwa debe moja la mahindi na kilo sita za kunde au mbaazi kwa kila mtoto, na aliyetaka kubisha aliitiwa mtoto wake mwenyewe apige hesabu.

Wakabishia kitu kingine, na walikuwa na haki. Nani atakaa na ufunguo? Miaka ya nyuma nafaka ya shule ilishawahi kuyeyuka stoo, na hakuna aliyewahi kuambiwa ilikwenda wapi. Mama mmoja alisema wazi mbele ya walimu wote kwamba yeye hawezi kumlisha mtu mwenye mshahara. Niliwaomba walimu wenzangu wasimjibu.

Tulikubaliana hivi. Mlango wa stoo utakuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja unakaa kwa mwalimu wa chakula, wa pili kwa mzazi anayechaguliwa na mkutano wa kijiji, na asiwe mjumbe wa kamati. Hakuna anayeweza kuingia peke yake. Anayepokea nafaka ni kamati pamoja na mtendaji wa kijiji. Mwalimu haandiki jina la mtu wala hagusi gunia. Na ufunguo wa pili tulimpa yule yule mama. Alikataa, akasema ana shughuli zake. Wanawake wenzake wakamwambia mdomo ameuleta mwenyewe, akaupokea.

Siku za kupokea ndizo zilizonipa raha. Debe nalo lina maneno: mmoja anasawazisha kwa kijiti, mwingine analeta lenye kilima juu, wa tatu debe lake limebonyea chini. Tukaazima mzani wa kuning'iniza kwa mnunuzi wa alizeti, ikawa kilo 20 na mjadala ukafungwa. Unyevu ulipimwa na watoto wa darasa la sita kwa chupa ya soda. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, unatia mahindi, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji; ikibaki inatiririka chini, yamekauka. Nilimwona msichana wa miaka kumi na miwili anamwambia baba mzima, kwa adabu yote, "Shikamoo baba, haya yarudi juani siku mbili." Baba akaangalia chupa, akaangalia watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, akabeba gunia lake. Hakununa, maana jambo hili kwetu si mzaha. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu ndiyo makao yake. Hifadhi yenyewe ni mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo inamkosesha pumzi dumuzi, mdudu mla mahindi, yule ambaye wazee bado wanamwita skania.

Waliobaki nyuma hawakukosekana. Kamati ilitaka majina yao yabandikwe ubao wa matangazo. Nililipinga kwa nguvu kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu anayesoma ubao ule ni mtoto, na jina atakaloliona ni la baba yake. Tulibandika jumla za vitongoji: kitongoji fulani kina watoto kadhaa, kimeleta kilo kadhaa. Hakuna mwenyekiti wa kitongoji aliyependa kuwa wa mwisho, na wao wanajua kugonga milango kuliko mimi. Mwenye watoto wanne na shamba dogo aliruhusiwa kulipa kwa kazi. Mmoja, fundi uashi, alitujengea majiko mawili ya tofali yanayokula kuni kidogo. Wengine walileta kuni, wengine wakaingia zamu ya kumsaidia mpishi. Kwenye bakuli haionekani nani katoa nini, na mtoto yeyote aliyefika shule siku hiyo anakula. Hapo sikukubali maelewano.

Chakula ni makande. Mahindi na kunde vinalowekwa jioni, mpishi anawasha moto alfajiri, na kufikia saa tano harufu imeshafika darasa la kwanza na kusoma kumekuwa kwa shida. Kunawa ni kwenye vibuyu chirizi, madumu yanayoinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Darasa la awali na la kwanza wanapakuliwa kwanza, halafu wanapanda juu darasa kwa darasa, na viranja wanakula mwisho kabisa. Hili la viranja lilizua manung'uniko. Kiranja mkuu alikuwa amezoea cheo kuwa na faida, na mzazi wake alikuja ofisini kuuliza mwanawe amekosa nini. Nilimjibu kwamba viranja wanapokula mwisho, makande hayapungui njiani. Akafikiri kidogo, akasema basi sawa.

Kila jioni kilo za mahindi zinapimwa mbele ya kiranja wa chakula, na asubuhi yeye ndiye anayezisoma mstarini, sauti juu, kama sehemu ya matangazo. Asubuhi moja alisoma kwamba zimetoka kilo 42. Msichana wa darasa la tano akanyosha mkono. "Mwalimu, jana tulihudhuria 388. Mbona siyo 38 na kitu?" Kimya. Walimu wawili waliangalia chini, mmoja alinitazama mimi akisubiri nimkaripie mtoto. Nilimwita mpishi pale pale. Alieleza kwamba alipima kwa idadi ya walioandikishwa, watoto 420, kwa sababu orodha ya mahudhurio ilikuwa haijamfikia. Maelezo yalikuwa ya kweli, na nyongeza waliila wenyewe watoto, lakini tangu siku hiyo hakuna kinachopimwa mpaka kiranja alete jumla ya mahudhurio kutoka madarasa yote. Kwa maoni yangu, asubuhi ile iliwafundisha wanafunzi uaminifu kuliko ule ukuta, na iliwafundisha hata baadhi yetu tulioajiriwa.

Mchana ulibadilika haraka kuliko nilivyotarajia. Watoto hawaendi nyumbani, kwa hiyo hakuna wa kukabidhiwa ng'ombe. Kipindi cha mchana kilianza kuwa na watu na, niseme ukweli, kelele. Wavulana wachunga ng'ombe waliobaki porini walianza kuonekana siku moja moja, kisha wakazoea. Kitabu cha viboko kipo kabatini, kina vumbi.

Kisha mvua ikakatika Februari ya mwaka uliofuata, mahindi yakakaukia mashambani yakiwa yanatoa mbelewele. Juni ile vitongoji vilileta nusu, vingine hata hiyo nusu haikufika. Tulipunguza makande yakawa siku tatu kwa wiki, siku mbili uji. Uji una gharama yake, maana lazima usage, na mwenye mashine halipwi kwa shukrani. Tulimpa pumba, akakubali. Shamba la shule, ekari chache tulizokuwa tunalima mahindi kwa mazoea tu, tuliligeuza likawa la mtama na uwele. Wazee walinicheka kwamba nimechelewa kuelewa nchi ya Wagogo inataka nini. Watoto mwanzoni waliyalalamikia makande ya mtama, kwamba yana rangi ya udongo. Njaa ikawasuluhisha.

Walimu nao wanakula sasa, na wanatoa debe lao kama mzazi yeyote. Jambo hilo lilipitishwa na sisi wenyewe kwenye kikao cha walimu baada ya mvutano, na yule mama wa ufunguo ndiye anayetupokelea. Anapima mpaka gramu.

Kinachotusumbua mpaka leo ni mafuta ya kupikia. Wilaya imejaa alizeti, lakini alizeti ni fedha, na mtu anayekupa debe la mahindi bila kinyongo atakuhesabia lita moja ya mafuta kwa vidole. Tumejaribu kupanda robo eka ya alizeti pembeni ya mtama. Ndege waliwahi kuliko sisi. Msimu huu darasa la sita wamejigawia zamu ya kuwafukuza baada ya masomo, na mwenye mashine ya kukamua huko Kibaigwa amesema atakubali kubaki na mashudu badala ya fedha. Tukivuna tutaona kama mzigo utatosha kulipia nauli ya kuupeleka.