Neno la mwisho namwachia yeye

Mwanangu alitimiza miaka 2 na miezi 3 akiwa na maneno manne: mama, ba, ata (yaani acha) na "umh". Hilo la nne sijui kama ni neno. Watoto wengi wa umri huo wana maneno 50 na zaidi, na wameanza kuunga mawili. Mavyaa akaniambia, "Muate mwana, babake naye ali hivi hivi."

Muuguzi alitaka apimwe masikio kwanza, kwani mtoto aweza kugeuka mlango ukigongwa na bado sauti nyembamba kama s na f zikampita. Masikio yakawa mazima.

Nikaanza kwa kukosea. Nilimwekea nyimbo za watoto kwenye simu. Akatulia, nami nikapika mchuzi wangu kwa raha. Neno halikutoka. Simu haimsubiri mtu.

Basi nikatunga kawimbo kangu, tukiwa barazani Langoni, mtaa wa hapa Amu, yaani Lamu, punda wakipita na mizigo:

Punda apita, abeba nini?
Abeba mai!

Mai ni maji kwa Kiamu. Nilimpakata tukitazamana, nikaimba polepole, siku nenda siku rudi, hata majirani wakaujua. Kisha nikaanza kuukata: "Abeba..." nikanyamaza. Hapo ndipo pagumu, ulimi unawasha kutaka kumalizia. Nilihesabu moyoni hadi kumi, nyusi juu, mdomo wazi kama changu aliyevuliwa sasa hivi. Siku za kwanza alinikodolea tu. Halafu akawa anarusha miguu. Siku moja akatoa "m". Nikaipokea kama neno zima: "Ee, mai!" tukaendelea. Kumwambia "sema vizuri" nilijaribu mara moja, akafunga mdomo hadi magharibi.

Dada yangu aliyeolewa Malindi akapiga simu kulalamika: mfundishe "maji", atachekwa shuleni. Mavyaa kusikia hivyo akawaka, mwana wa Amu aanze na maji ya nani? Mimi nilishika mai. Ndilo analolisikia humu ndani tangu alfajiri. Maji atayakuta mbele.

Tukaongeza mawe, tukaongeza mtanga, yaani mchanga. Miezi michache baadaye akaunga mwenyewe: "punda mai", kisha "ata punda", hilo akimwambia paka.

Sasa ana miaka 3. Juzi punda wa jirani alipita mgongo mtupu. Mwanangu akaimba, "Abeba..." akanyamaza, nyusi juu, ananisubiri mimi.